Klai

Asubuhi, kabla muuza maziwa hajagonga geti,
Nkwabi ananiwekea vidole viwili kooni.
Jirani wa Bwiru akichungulia atasema ni mahaba,
na umri huu!
Ni somo.
"Sema tena," ananiambia, nami nasema
neno moja la Kithai, kwanza likiwa tambarare,
kisha likianguka,
naye anasikiliza kwa ncha za vidole,
maana masikio aliyaacha chumba cha injini,
miaka thelathini na moja, meli ikienda Bukoba na kurudi.

Tuko nyumbani kwa likizo, miezi mitatu.
Kanisa lilitutuma tukiwa na mvi tayari,
fundi mstaafu na mkunga mstaafu,
magoti manne, zima moja.
Vijana walikuwa na mikopo na watoto wachanga;
sisi tulikuwa na Jumanne tupu.
"Nendeni," wakasema,
kama vile ni Sengerema, kivuko kimoja tu.

Mwaka wa kwanza kule niliwaambia watu
nimewaletea habari njema.
Ndivyo nilivyodhani.
Sauti yangu ilianguka pale ilipopaswa kulala chini,
wakasikia: nimewaletea wali mzuri.
Bi Somjai akachungulia kapu langu.
Lilikuwa na Biblia na mwavuli.
Akaingia jikoni, akarudi na sahani,
wali wake mwenyewe, kisamaki juu,
akakaa akanitazama nikila.
Hadi leo sijui nani alimhubiria nani.

Basi tunasoma. Vikaratasi kila mahali:
kwenye birika, kwenye kabati, kwenye tanki la maji,
kimoja mgongoni mwa kuku, kazi ya mjukuu wetu Doto,
anayesema tunaongea kama watu wanaogombania bei.
Mama Ng'washi wa dagaa alisimama na beseni lake:
"Bibi, hilo gunia si lilishajaa?"
Limejaa, nikamwambia, ila lina tundu;
ninachomimina alfajiri, saa nne kimeshavuja.
"Sasa?"
Sasa namimina tena.

Kiswahili hakinisaidii hapa. Kiswahili kimenyooka:
useme ukilia, useme ukicheka, maji ni maji.
Kinachonisaidia ni kile walichotaka kunitoa mdomoni,
darasa la tatu, kibao shingoni,
kwa kuwa nilimwambia mwenzangu *wabeja*
aliponipa kipande cha muhogo.
Nilizunguka nacho uwanja mzima hadi kengele.
Mama hakunifundisha kupandisha sauti wala kuishusha.
Aliniita tu kutoka shambani,
na kilima kilikuwa ndani ya mwito.
Leo, miaka sitini na sita, natafuta sauti ya tatu ya Kithai,
naikuta imekaa kwa mama,
inapepeta choroko.

Jana Nkwabi alikasirika. Akavua miwani, akatoka,
akakaa juu ya jiwe linalotazama ziwa.
Nilipomfuata na chai nilimkuta na mbwa wa jirani,
anamwambia *maa*, na *maa*, na *maa*:
njoo, na farasi, na mbwa,
neno moja lenye njia tatu za kulipanda.
Mbwa alikuja mara zote tatu.
"Huyu," akasema, "ndiye mwalimu."

Na *klai*.
Tambarare, ni mbali. Ikianguka, ni karibu.
Nani aliyekaa akaamua hivyo,
umbali na ukaribu vigawane neno moja,
mpaka uwe kooni tu?

Zimebaki siku tisa. Doto kauliza huko tunakorudi ni wapi.
Nkwabi, bila vidole, bila kunitazama,
akamjibu kwa Kithai.
Nilisikia sauti ikianguka.
Alitaka kusema mbali, namjua.
Nikafungua mdomo nimsahihishe,
kisha nikakumbuka maziwa jikoni.